Umeboshi kwa plamu za milimani: kutia chumvi, kuanika na kupikia

Umeboshi ni matunda ya Kijapani yanayotiwa chumvi mpaka yatoe maji yake yenyewe, yakalala humo wiki kadhaa, kisha yakaanikwa juani na kuwekwa akiba. Hayapikwi, hayatiwi sukari. Moja likiwekwa juu ya wali mweupe linatosha kuukolezea mtu mmoja mlo mzima, kwa ukali na chumvi yake. Kwa mkazi wa Arusha au Moshi kazi hii inawezekana bila kuagiza chochote kutoka nje, mradi asibanie chumvi na asichezee majira.

Tuanze na majira. Japani ume, tunda linalotengenezwa umeboshi, huvunwa Juni, wakati wa mvua. Mvua inanyesha, matunda yamelala kwenye chumvi ndani ya nyumba. Mwishoni mwa Julai mvua inakatika, jua linawaka, matunda yanatolewa kuanikwa. Huku kwetu mpangilio ni huohuo, miezi ndiyo tofauti. Plamu za Lushoto na za milima mingine ya kaskazini huingia sokoni vuli ikiishia, mwisho wa mwaka na mwanzo wa mwaka mpya. Ukizitia chumvi Januari mwanzoni, baada ya wiki tatu au nne uko katikati ya kiangazi kifupi: jua kali, hewa kavu. Masika inapoanza Machi unatakiwa uwe umeshaanua. Anayetia chumvi mwishoni mwa Februari ataanika chini ya mawingu na mvua, na akisema asubiri masika ipite, Juni na Julai Arusha ni baridi na ukungu wa asubuhi hadi mchana. Panga tarehe ya kuanika kwanza, kisha rudi nyuma kuhesabu siku ya kununua.

Tunda la kuchagua

Ume halisi, Prunus mume, huzioni Soko Kuu la Arusha wala Mbuyuni pale Moshi. Japokuwa watu huziita plamu, kwa udugu ziko karibu zaidi na aprikoti: ndogo, zenye nyama nzito iliyong'ang'ania kokwa, na kali kiasi kwamba hakuna anayezila mbichi. Zaidi ya nusu ya ume za Japani hutoka mkoa wa Wakayama, hasa maeneo ya Minabe na Tanabe, na aina inayosifiwa kuliko zote ni Nanko, kwa ngozi yake nyembamba na nyama nyingi.

Tofauti inayotuhusu jikoni ni asidi. Ume ina asidi nyingi ya sitriki na sukari kidogo. Plamu zetu zina asidi pungufu na sukari zaidi, na sukari ndiyo chakula cha chachu na ukungu. Ndiyo maana vipimo vya Kijapani vya asilimia 13 au 15 ya chumvi havitufai. Huku tunashika asilimia 20, kipimo cha zamani, tunaongeza ndimu, na tunachagua tunda lisiloiva.

Chagua plamu ndogo, ngumu, zilizoanza tu kubadilika rangi kutoka kijani. Ukiibonyeza kwa kidole isibonyee. Kadiri plamu inavyoiva ndivyo asidi inavyopungua na sukari inavyopanda, na ile laini tamu inayofaa kuliwa palepale sokoni ndiyo itakayochacha ndani ya ndoo. Mwambie muuzaji mapema kwamba unataka ngumu. Wengi watakuuzia kwa furaha zile ambazo wateja wengine wanazikwepa. Kagua moja moja. Yenye ufa, jeraha au tundu la mdudu iende kwenye jamu, kwa kuwa tunda moja lililopasuka linamwaga sukari kwenye maji ya wenzake wote. Plamu kubwa za kuagizwa ziache: ngozi yake huchanika kwenye ungo na ndani hazikauki kwa siku tatu wala nne. Ukibahatika kupata aprikoti, hizo ni bora kuliko plamu yoyote. Zichukue zikiwa njano lakini bado ngumu.

Vipimo na vyombo

Kwa kilo 2 za plamu:

- chumvi ya mawe gramu 400, na gramu 20 nyingine za kwenda na ndimu
- juisi ya ndimu iliyochujwa mililita 100
- Konyagi au pombe kali nyingine yenye kilevi cha asilimia 35 au zaidi, mililita 50 hivi
- rozela (choya) kavu gramu 50, kwa ajili ya rangi

Chumvi ipimwe kwa mizani. Kikombe cha chumvi laini ni kizito kuliko kikombe cha chumvi ya mawe, maana punje kubwa huacha nafasi katikati yake, na anayepima kwa kikombe hajui kama ametia asilimia 20 au 14. Mizani ndogo ya dijitali ya jikoni inatosha. Chumvi ya mawe inafaa kwa sababu huyeyuka polepole na kubaki juu ya matunda muda mrefu. Chumvi laini nayo inafanya kazi, ila hukimbilia chini ya chombo na itabidi utikise mara kwa mara zaidi. Hakikisha kabisa unachonunua ni chumvi. Kwenye masoko ya Arusha magadi huuzwa jirani na chumvi, na mabonge yake yanaweza kukudanganya. Magadi huua asidi, na bila asidi huna umeboshi.

Pombe ni ya kusafishia, hainywewi humo. Nyumba nyingi za Kijapani hutumia pombe nyeupe ya asilimia 35, na Konyagi ina nguvu hiyohiyo. Ambaye hatumii pombe nyumbani kwake afute vyombo kwa maji yaliyochemka na kuvikausha juani kabisa. Inawezekana, ila uangalizi wa ukungu uwe wa kila siku.

Chombo kiwe kioo, udongo uliopakwa vioo, au ndoo ya plastiki ya kuwekea chakula. Sufuria za kawaida za alumini zisiguse kazi hii hata kwa saa moja, wala kwa kuchanganyia. Asidi na chumvi kwa pamoja hula alumini, utaona vidoa vyeusi na ladha ya chuma inaingia kwenye matunda. Kwa uzito wa kukandamiza, tumia sahani inayoingia ndani ya chombo, na juu yake mifuko miwili ya plastiki imara, mmoja ndani ya mwingine, iliyojazwa maji ya chumvi. Mfuko ukivuja, maji ya chumvi hayaharibu kitu. Maji matupu yangepunguza makali ya chumvi yote.

Kutia chumvi

Osha plamu taratibu, usizisugue. Ngoa kikonyo kwa kijiti cha kuchokolea meno, kwa maana kile kishimo hubeba uchafu na ukungu huanzia hapo. Kisha kausha kila tunda kwa kitambaa safi, kishimo kikiwemo. Hatua hii inachosha na watu huiruka. Tone la maji ya bomba linalobaki kwenye kishimo ndilo chanzo cha kawaida cha ukungu wa wiki ya kwanza.

Nyunyizia matunda Konyagi kidogo, yageuzegeuze yapate unyevu. Pombe inaua vijidudu na pia inafanya chumvi ishike. Futa chombo kwa pombe hiyohiyo. Weka chumvi konzi moja chini, panga safu ya plamu, tia chumvi, safu nyingine, chumvi tena, ukibakiza karibu nusu ya chumvi yote kwa ajili ya safu ya juu. Chumvi hushuka yenyewe, haipandi. Mwisho koroga zile gramu 20 ndani ya ndimu na umwage pembeni mwa chombo, sio katikati, isije ikasomba chumvi ya juu. Ndimu inaongeza asidi na inalowesha chumvi ili kazi ianze mara moja.

Weka sahani, weka uzito. Kwa ume ngumu Wajapani huanza na uzito mara mbili ya matunda. Kwa plamu, zenye ngozi dhaifu, uzito sawa na wa matunda unatosha, yaani kilo 2. Funika kwa kitambaa safi au karatasi, funga kwa kamba, weka mahali penye kivuli na ubaridi. Mara mbili kwa siku inamisha chombo huku na huku ili maji yaliyotoka yapite juu ya matunda yote.

Kati ya siku ya pili na ya tano maji yatapanda na kufunika matunda. Haya ndiyo umezu, na ni mali; tutayarudia. Yakishafunika, punguza uzito ubaki nusu au chini ya hapo, vinginevyo matunda yatapondeka. Kama siku ya tano maji hayajafika juu, sababu huwa moja kati ya mbili: uzito mdogo, au matunda mabichi mno yasiyo na maji. Ongeza uzito kwanza. Ikishindikana, chemsha maji mililita 200 na chumvi gramu 50, yaache yapoe kabisa, kisha ongeza. Tunda lililo nje ya maji lisipitishe usiku wa sita hivyo.

Acha wiki tatu hadi nne. Fungua kila siku mbili utazame.

Rangi

Wekundu wa umeboshi hutoka kwenye shiso nyekundu, majani ya jamii moja na mrehani na mnanaa. Majani hutiwa chumvi, yakasuguliwa kwa nguvu, povu la zambarau likamwagwa mara mbili, kisha yakatiwa kwenye umezu. Asidi huigeuza zambarau ile kuwa nyekundu inayong'aa palepale. Shiso haiuzwi masokoni kwetu. Rozela inabeba rangi ya aina hiyohiyo inayopenda asidi, na yenyewe ni kali, kwa hiyo inasaidia mahali plamu ilipopungukiwa. Harufu ya shiso haitakuwepo, na hakuna sababu ya kujifanya ipo.

Suuza rozela haraka kuondoa vumbi, ianike ikauke, inyunyizie pombe. Baada ya maji kupanda, chota umezu kikombe kimoja, loweka rozela humo saa moja mpaka ilainike, kisha rudisha vyote na kuitandaza rozela juu ya matunda. Hapo inakuwa pia kama kifuniko kinachozuia matunda kuelea. Usitumie biti wala mchicha mwekundu: rangi yake hupauka juani. Ukitaka, acha bila rangi. Japani pia kuna umeboshi nyeupe zisizo na shiso, na plamu zenye ngozi nyekundu hutoa waridi yake bila kusaidiwa.

Ukiona kitu juu ya maji

Utando mweupe mwembamba, tambarare, ni chachu. Utoe kwa kijiko safi, futa kingo za chombo kwa pombe, nyunyizia pombe kidogo juu, na uhakikishe hakuna tunda linaloelea. Ukungu wenye manyoya, mweusi, wa kijani au wa pinki, ni jambo jingine. Ukiwa kwenye tunda moja au mawili, yatupe pamoja na majirani yake. Matunda yaliyosalia yatoe, yaoshe kwa pombe. Chuja umezu, ichemshe dakika chache kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu, ipoe kabisa, safisha chombo upya, rudisha. Ukungu ukiwa umeenea chini ya maji na harufu imegeuka, mwaga yote. Mapovu mengi na harufu ya pombe maana yake plamu zilikuwa zimeiva mno au chumvi ilikuwa pungufu. Hizo zipikwe jamu ya chumvi siku hiyohiyo, hazitaweza kukaa.

Kuanika

Subiri siku tatu mfululizo za jua. Moshi mjini, kwa joto lake, siku tatu zinatosha. Arusha, ambako mawingu ya Meru hukawia kuondoka asubuhi, hesabu nne au tano. Toa matunda, yachuruzishe, yapange kwenye ungo au kichanja cha matete bila kugusana. Inua ungo juu ya matofali au viti ili hewa ipite chini. Usiyaweke moja kwa moja juu ya bati: paa la bati lina zinki, na asidi ya matunda itaichuna. Funika kwa chandarua safi kilichonyanyuliwa kisiguse matunda. Nzi ni wachache kuliko unavyodhani, kwa kuwa chumvi inawakimbiza. Adui wa Januari ni vumbi, hivyo kaa mbali na barabara.

Siku ya kwanza geuza kila tunda mara moja, jua likiwa kali. Asubuhi yakiwa bado mabichi ngozi hushika kwenye ungo na kuchanika; mchana yakishapata joto huachia yenyewe. Likigoma, liache, subiri saa moja. Usiku wa kwanza anua, rudisha matunda ndani ya umezu hadi asubuhi: ngozi hulainika na rangi huingia ndani zaidi. Siku zinazofuata usirudishe. Wajapani huyaacha nje usiku yapigwe na umande, ambao hulainisha ngozi. Ukiwa na kibaraza kisichofikiwa na mvua fanya hivyo, la sivyo anua. Rozela nayo ikamue uianike kando mpaka iwe ya kusagika, na umezu iweke juani siku moja ndani ya chupa ya kioo iliyofunikwa.

Yamekuwa tayari lini? Bana ngozi kwa vidole viwili: inanyanyuka bila kuchanika, na ndani nyama ni laini. Uso umekunjamana, na uzito umeshuka karibu nusu ya ule wa matunda mabichi. Yakiwa magumu umezidisha. Nyunyizia umezu kijiko kimoja kimoja, funika, yaache yanywe usiku kucha.

Pakia kwenye chupa za kioo. Mifuniko ya chuma huliwa na chumvi, kwa hiyo weka kipande cha plastiki katikati. Unaweza kula baada ya mwezi, lakini chumvi huwa bado inagombana na ulimi. Baada ya miezi sita hadi mwaka ladha hutulia. Kwa asilimia 20 ya chumvi hayahitaji friji, kivuli tu. Punje nyeupe zikitokea juu yake miezi ikipita, zitie kwenye maji ya moto: zikiyeyuka ni chumvi, zisipoyeyuka ni ukungu.

Kupikia

Kanuni moja inatangulia zote: umeboshi ni chumvi. Nyama ya tunda moja dogo, gramu 10 hivi, inaweza kubeba gramu 2 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku. Chochote unachopika nayo usikitie chumvi nyingine mpaka umeonja. Mwenye shinikizo la damu ale nusu, au zile zilizopunguzwa chumvi. Kokwa usilipasue kula kiini chake, na watoto wasiachiwe: viini vya jamii hii yote vina kemikali inayotoa sianidi.

Wali ndipo mahali pake pa asili. Pika mchele bila mafuta, bila nazi, bila chumvi, na maji kidogo zaidi ya kawaida ili ushikamane. Acha ufunikwe dakika 15 baada ya kuepua. Kwa matonge ya onigiri, lowesha viganja, vipake chumvi chembe, chukua wali wa moto gramu 100, zamisha nusu ya umeboshi isiyo na kokwa katikati, finyanga kwa kubana mara chache. Wengi huamini tunda moja hulinda tonge zima lisiharibike. Linalinda pale linapogusa tu. Kwa joto la Moshi, tonge la asubuhi liliwe kabla ya mchana kuisha.

Kwa mgonjwa au asiye na hamu ya kula, uji wa mchele: kikombe kimoja cha mchele, vikombe vitano vya maji, moto mdogo dakika 45 bila kukoroga sana. Umeboshi moja juu ya kila bakuli, ipondwe wakati wa kula.

Samaki hupendeza nayo kuliko vyote, kwa kuwa asidi inakata shombo. Perege wawili wa bwawa la Nyumba ya Mungu, vipande vikubwa: chemsha maji mililita 250, sosi ya soya vijiko 2 vya chakula, sukari kijiko 1, tangawizi iliyokatwa vipande vyembamba, na umeboshi 3 zilizopasuliwa na kokwa zake humohumo. Maji yachemke kwanza ndipo samaki waingie, maana wakianza na maji baridi shombo huenea kwenye mchuzi. Funika, moto mdogo, dakika 15, ukimwagia mchuzi juu mara kwa mara. Sufuria isiwe ya alumini.

Toa kokwa, katakata nyama ya umeboshi kwa kisu mpaka iwe rojo, na una kiungo kinachoitwa bainiku. Vijiko 2 vya rojo hiyo na kijiko 1 cha asali, pakaza kuku wa kuchoma katika dakika tano za mwisho. Mapema zaidi asali itaungua. Umezu inachukua nafasi ya chumvi na ndimu kwenye kachumbari: kijiko 1 cha chakula kwa matango mawili au robo ya kabichi iliyokatwa nyembamba, acha dakika 10, kamua. Rozela iliyosagwa nyunyizia juu ya wali au mihogo ya kuchemsha.

Kupunguza chumvi, loweka umeboshi usiku kucha kwenye lita moja ya maji yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Chumvi hiyo kidogo ndiyo inayofanya ya ndani itoke taratibu. Maji matupu huifanya nyama iwe chapwa nje na ibaki na chumvi katikati. Onja asubuhi, badili maji kama bado, kausha. Hizi hazina tena ulinzi wa chumvi: ziende kwenye friji na ziishe ndani ya wiki moja.